Tamari Hakuwa na Wenzake



Kasisi wetu aliponiomba niandike somo la ukurasa huu aliniachia nichague jambo mwenyewe. Nimechagua jambo ambalo baadhi yenu watasema halifai kuandikwa katika gazeti la kanisa linalokaa juu ya meza ya sebuleni, watoto wakilifunua. Nimelifikiri hilo kwa muda. Lakini Biblia nayo inakaa juu ya meza hiyo hiyo, na habari ninayotaka kuisema imo humo tangu zamani, katika Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 13. Tafadhali chukueni Biblia zenu msome aya ya 1 mpaka ya 22 kabla ya kuendelea. Someni polepole, mimi nitangoja.

Mmesoma? Nimekuwa nikiketi kanisani kwa zaidi ya miaka sitini, tangu nilipobebwa mgongoni na mama yangu, wala sijapata kusikia mlango huo ukihubiriwa. Tumehubiriwa sana habari za Daudi na Goliathi, na hata za Daudi na Bathsheba. Tamari, binti Daudi, hatajwi. Twamruka kama vile mtu anavyoruka dimbwi njiani.

Nitawakumbusha mambo machache tu. Tamari hakwenda nyumbani kwa Amnoni kwa ujinga wala kwa tamaa. Alitumwa na baba yake mfalme, kwenda kumtengenezea mgonjwa chakula. Mpango wote ulitungwa na mtu wa jamaa, Yonadabu, ambaye Biblia yasema alikuwa mwerevu. (Nimefundisha wanachuo wengi werevu. Werevu peke yake si kitu cha kujivunia.) Tena Tamari alikataa kwa maneno, na maneno yake ni ya mtu mwenye akili timamu kabisa. Alitaja desturi ya Israeli, akataja aibu yake mwenyewe, hata akataja aibu itakayompata Amnoni. Hakusikilizwa. Baadaye akafukuzwa, na mlango ukakomewa nyuma yake.

Sasa angalieni aya ya 19, kwa maana hapo ndipo somo letu linapoanzia. Tamari akatia majivu kichwani, akairarua ile kanzu yake ya binti wa mfalme, akaweka mkono wake kichwani, akaenda zake akilia kwa sauti. Hayo yote ni matendo ya msiba. Kila Mwisraeli aliyemwona njiani alijua maana yake, kama vile sisi tujuavyo maana yake tunapoona moto umewashwa nje ya nyumba na wanaume wameketi kimya. Tamari alijifanyia ibada ya maombolezo. Alijua la kufanya. Neno moja tu lilipungua: aliifanya peke yake. Hakuna aliyetoka nyumbani kwake kuja kulia pamoja naye. Na mtu wa kwanza aliyemjia, Absalomu ndugu yake, alimwambia anyamaze, asiliweke jambo hilo moyoni. Tangu hapo Tamari hasemi tena. Biblia yasema alikaa nyumbani kwa Absalomu hali ya ukiwa, na baada ya hapo hatusikii sauti yake.

Ndugu, mimi nimewahi kuwa Absalomu.

Mwaka 1991 nilikuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu ambacho sitakitaja. Nilikuwa na miaka thelathini hivi, na wasichana wa bweni la pili walikuwa chini ya uangalizi wangu. Usiku mmoja mwanachuo wa mwaka wa pili alibisha hodi kwangu. Alikuwa amerudi kutoka mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya mbali, na huko alikuwa amefanyiwa jeuri na mtu mzima mwenye madaraka, mtu ambaye angetakiwa kutia sahihi karatasi zake. Alinieleza kwa maneno machache. Nilimpa chai. Nilimhurumia kweli kweli, Mungu ndiye shahidi wangu. Kisha nikamwambia: “Nyamaza mwanangu, mtihani u karibu, usije ukapoteza na masomo. Tumwachie Mungu.” Nikasali naye, nikamrudisha bwenini na taa yangu ya mkono.

Alifaulu mtihani. Nilijipongeza kwamba nimemsaidia. Miaka kumi na minane baadaye nilikutana naye kwenye stendi ya mabasi, mama mzima, mwalimu mkuu msaidizi. Akanipokea mzigo, akaniamkia kwa heshima, tukazungumza habari za wenzake. Basi lilipokaribia akasema: “Mwalimu, sikukuchukia hata siku moja. Ila nilipotoka kwako usiku ule nilijua hakuna mlango mwingine.” Akapanda basi.

Sijaeleza habari hii ili mnihurumie. Nimeieleza kwa sababu natumaini wako wengi katika usharika huu waliosema maneno yale yale niliyosema mimi, na kwa nia njema ile ile. Wako pia wengi zaidi walioambiwa maneno hayo. Mnaketi benchi moja.

Neno moja la lugha

Niruhusuni kama mwalimu wa Kiswahili niseme kidogo juu ya maneno. Zamani, na hata leo katika kanisa, tunapotaka kusema jambo hili kwa adabu twasema fulani “amenajisiwa.” Neno hili latoka katika najisi, yaani kitu kichafu kisichofaa kugusa mambo matakatifu. Basi sikilizeni jinsi lugha ilivyotugeuzia hukumu. Aliyetenda ni mtu mmoja, lakini uchafu tumembandika mwingine. Neno “kubaka” ni kali masikioni, lakini ni neno la haki zaidi, kwa kuwa maana yake ya zamani ni kukamata au kunyakua kwa nguvu. Aliyebakwa amenyang’anywa. Na aliyenyang’anywa hatumwiti mwizi, wala hatumfukuzi mezani.

Nasema haya kwa sababu jeraha la jambo hili si la mwili tu. Wanaoshughulika na watu hawa wanatuambia kwamba miaka mingi baadaye mtu aweza kushtuka kwa harufu tu au kwa hatua za viatu nyuma yake. Usingizi unakatika. Hasira inamjia juu ya watoto wasio na kosa. Huona aibu, naye hujiuliza kila siku kama yeye ndiye aliyesababisha. Hujitenga. Wengine huacha kuja kanisani, nasi twasema wamepoa imani. Kule kujitenga ndiko kunakozidi kumwumiza, maana yale mawazo ya kujilaumu hayapati mtu wa kuyapinga. Yanazunguka kichwani mwake yenyewe kwa yenyewe.

Ndiyo maana yako mahali ambapo watu wameona kwamba dawa ya jeraha lililompata mtu peke yake ni kikao cha wenzake. Nitawaeleza habari za mahali patatu. Hapa pa kwanza pametoka katika Kanisa letu wenyewe la Anglikana.

Byumba

Mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda mwaka 1994 yalichukua kama siku mia moja. Mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa alikadiria mwaka 1996 kwamba wanawake waliobakwa katika siku hizo walikuwa kati ya 250,000 na 500,000. Wengi waliuawa baadaye. Waliosalia walibaki wajane, wengine na virusi vya UKIMWI, wengine na watoto waliozaliwa kwa jeuri hiyo. Nao walirudi kuishi vijijini, jirani na watu wa jamaa za waliowatenda. Hatuwezi kusema Kanisa lilikuwa mbali na hayo. Watu waliuawa na wanawake wakatendewa jeuri hata katika viwanja vya makanisa. Mtu aliyeona hayo humwiti kwa kengele tu akaja.

Mwaka 2005, katika Dayosisi ya Byumba ya Kanisa Anglikana la Rwanda, kaskazini mwa nchi, ilianzishwa kazi iitwayo sosioterapia. Mama mmoja Mholanzi, Cora Dekker, aliyekuwa ameifanya kazi ya namna hiyo na wakimbizi huko Uholanzi, aliwafundisha Wanyarwanda wenyewe, nao wakaigeuza ikawa ya kwao. Baadaye ikapewa jina la Kinyarwanda, Mvura Nkuvure. Ndugu zetu wa Ngara na Kigoma wataelewa bila mkalimani: niponye nikuponye.

Sikilizeni jinsi inavyofanyika, maana ni jambo rahisi kueleza ingawa si rahisi kulifanya. Watu kati ya 10 na 15 wa kijiji kimoja wanakusanyika mara moja kila juma, kwa muda wa kama saa tatu, majuma 15 mfululizo. Viongozi ni wawili, nao ni watu wa hapo hapo: mwalimu, mkulima, mzee wa kanisa. Wanaketi duara. Hakuna meza ya mbele. Kanuni hazitoki kwa viongozi, kikundi chenyewe huzitunga siku za kwanza: tusitoe nje yaliyosemwa ndani, tusikatizane, na mengine kama hayo. Kuna michezo, kuna nyimbo, kuna mazoezi ya kuwafanya watu wacheke, jambo ambalo huenda likawashangaza baadhi yenu. Mtu ambaye mwili wake umekuwa kama gereza huanza kwa kujifunza tena kuucheza na kuunyosha.

Mambo wanayopitia yanakwenda kwa hatua sita. Kwanza usalama, kisha kuaminiana, kisha kutunzana, kisha heshima, kisha mwelekeo mpya wa maisha, na mwisho kumbukumbu. Nataka mtazame utaratibu huo kwa makini, kwa maana ndani yake kuna elimu kubwa. Sisi tungeanza na kumbukumbu. Tungemketisha mtu siku ya kwanza na kumwambia, “Haya, tueleze yaliyokupata, utajisikia vizuri.” Wao wameiweka mwisho. Kwa majuma mengi kikundi kinajenga nyumba kabla ya kumkaribisha mgeni mgumu. Hata wakati huo hakuna anayelazimishwa kueleza. Mtu anaweza kumaliza majuma 15 bila kutaja kilichompata, na akawa ameponywa kwa sehemu, kwa kuwa alisikilizwa katika mambo mengine, akaheshimiwa, akakosekana siku moja na mtu akaenda kumtafuta nyumbani.

Je, ina faida kweli? Mimi ni mtu wa kupenda kuona daftari la maksi. Mwaka 2011 ulitangazwa uchunguzi uliolinganisha watu 100 walioingia vikundi hivyo Byumba na wengine 100 wasioingia. Afya ya akili ya walioingia ilikuwa bora baada ya vikao, na walipopimwa tena miezi minane baadaye faida ilikuwa bado ipo. Tena vikundi vingi havikutawanyika majuma yalipokwisha. Viliendelea kukutana, wakiweka akiba, wakipeana mbuzi, wakilimiana mashamba. Hilo kwangu ni ushahidi mzuri kuliko hesabu. Watu hawalimiani shamba kwa sababu ya semina.

Bukavu na vijiji vya Kivu

Wengi wenu mmesikia habari za Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, aliyeanzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu mwaka 1999. Alikusudia kuwahudumia wajawazito. Mgonjwa wake wa kwanza akawa mwanamke aliyebakwa na kujeruhiwa, na tangu hapo maelfu wakafuata. Alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad, binti wa Kiyazidi kutoka Iraq ambaye mwenyewe alikuwa ametekwa. Vita vilirudi tena Kivu, na mapema mwaka 2025 Goma na Bukavu zote mbili zilitekwa na waasi. Tuwaombee.

Lakini habari ninayotaka kuwapa ni ya vijijini, si ya hospitali kubwa. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Kivu ya Kusini na ya Kaskazini juu ya wanawake 405 waliokuwa wametendewa jeuri au kuishuhudia. Katika vijiji vingine, wanawake 248 walipata msaada wa kuzungumza na msaidizi mmoja mmoja. Katika vijiji vingine, wanawake 157 waliingia vikundi vya watu sita mpaka wanane, vikao 11, baada ya kikao kimoja cha faragha. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, walikuwa wanawake wa Kikongo waliofundishwa kazi hiyo. Miezi sita baada ya kumaliza, waliobaki na huzuni nzito au wasiwasi wa kiasi cha ugonjwa walikuwa 42 katika kila mia kwa wale wa mmoja mmoja. Kwa wale wa vikundi walikuwa 9 katika kila mia.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliweka miwani chini. Walifundishwa nini humo ndani? Hawakutakiwa kusimulia tukio. Walifundishwa kuyatazama mawazo yao. Mama anasema, “Ni kosa langu, kwa nini nilikwenda kuchota maji peke yangu?” Kikundi kinamwuliza: maji nyumbani yalikuwapo? Watoto walikuwa na kiu? Nani mwingine angekwenda? Je, kwenda kuchota maji ni dhambi? Pole pole yeye mwenyewe anaona kwamba wazo lile halisimami. Wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo masomo yaligeuzwa ili wayashike kwa kichwa. Mimi niliyefundisha elimu ya watu wazima nafahamu ugumu wa jambo hilo, nawavulia kofia.

Nani angeweza kumwuliza Tamari maswali kama hayo? Ni wenzake tu. Angeulizwa na kuhani angeyasikia kama mashitaka.

Taba, na safari ya Arusha

Mfano wa tatu unatugusa sisi Watanzania, kwa maana ulifikia mwisho wake katika mji wetu wa Arusha. Nao unanigusa mimi zaidi, kwa sababu mshitakiwa, Jean-Paul Akayesu, alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule, kabla hajawa mkuu wa wilaya ndogo ya Taba. Katika siku zile za 1994 wanawake walikimbilia ofisi yake wakidhani mwalimu atawalinda. Wakabakwa pale pale uwanjani, naye akijua.

Mwezi Desemba 1994 mama mmoja wa ustawi wa jamii, Godelieve Mukasarasi, alianza kuwakusanya wajane na yatima wa huko katika chama walichokiita Sevota. Mwanzoni hawakukusanyika kwa ajili ya mahakama. Walikusanyika ili wasiwe peke yao. Kesi ya Akayesu ilipoanza Arusha mwaka 1997, hati ya mashitaka haikuwa na neno lolote la ubakaji. Januari mwaka huo shahidi mmoja mwanamke, aliyefichwa jina, alikuwa akieleza mambo mengine, akataja katika maneno yake kwamba mtoto wake mdogo alikuwa amebakwa. Miongoni mwa majaji watatu alikuwapo mwanamke mmoja, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Swali likafuata swali. Mwezi Juni hati ya mashitaka ikabadilishwa, na wanawake wa Taba wakasafiri kwenda Arusha kusema mbele ya yule aliyewaangalia. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ikahukumu kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Hilo halikuwahi kuhukumiwa na mahakama yoyote ya kimataifa kabla ya hapo.

Msidhani ilikuwa bure. Mwezi Desemba 1996 mume wa Mama Mukasarasi na binti yao waliuawa. Wale wanawake walijua hatari. Wangewezaje kupanda ndege, wakaingia katika jumba lile na kusema? Kwa sababu walikuwa wamekwisha kusema wao kwa wao kwanza, nyumbani, na hakuna aliyewaambia wanyamaze. Katika jambo hili Taba ni kinyume kabisa cha nyumba ya Absalomu.

Turudi kwenye Biblia

Fungueni sasa Waamuzi mlango wa 11, aya ya 37 mpaka ya 40. Binti wa Yeftha, ambaye baba yake alimponza kwa nadhiri ya kipumbavu, aliomba jambo moja tu: miezi miwili ya kwenda milimani pamoja na wenzake, ili alie. Akapewa. Na baada yake ikawa desturi katika Israeli binti zao kwenda siku nne kila mwaka kumkumbuka. Sisemi habari hii ni njema. Ni mojawapo ya habari za kutisha kuliko zote. Lakini binti huyu, aliyekuwa amehukumiwa, alijua kuomba kile ambacho Tamari hakupewa, yaani wenzake na mahali pa kulilia. Tazameni pia rafiki za Ayubu, mlango wa 2. Walipofika waliketi naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema. Mpaka hapo walikuwa wachungaji wazuri. Waliharibu kazi walipofungua vinywa.

Na katika Marko 5, yule mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili alikuwa amekwisha kupona alipotaka kuondoka kimya. Bwana hakumwacha aende hivyo. Alisimama mbele ya umati akaungojea ukweli wake wote, kisha akamwita binti. Jadilini majumbani: kwa nini Bwana hakuridhika na kupona kwa mwili tu? Mimi nina jibu langu, lakini nataka nisikie yenu.

Yaliyo mbele yetu hapa

Sasa niseme kwa nini nimeandika mwezi huu. Akina mama watano wa usharika wetu wamemwomba Kasisi chumba cha nyuma cha kanisa kila Jumatano alasiri, wakae pamoja kwa ajili ya jambo hili. Baraza la usharika limelizungumza, na maneno mawili yalitolewa. Mzee mmoja alisema jambo hili litaleta masengenyo. Mwingine akasema linataka ibada ya maombezi tu, watu wawekewe mikono, wasamehe, liishe.

La kwanza ni kweli kabisa. Masengenyo yameua watu wengi kuliko malaria. Ndiyo sababu kikundi hakitazidi watu 12, na mlango wa kuingia utafungwa baada ya juma la tatu, na hakuna daftari la majina litakalowekwa ofisini. Anayetaka kujua nani amekwenda Jumatano na ajue kwamba akina mama wa kushona nao hukutana chumba hicho hicho.

La pili linataka maneno zaidi. Nayapenda maombezi. Lakini mwanamke ambaye mikono ya mtu iliushika mwili wake kwa nguvu hawekewi mikono kichwani kabla ya kuulizwa. Anaulizwa, na akisema hapana, anaombewa kwa mbali, na Mungu anasikia. Taa ya mshumaa, wimbo, maji, majivu kama yale ya Tamari, haya yote yaweza kutumika, na naamini yana nguvu. Huko Byumba siku ya mwisho ni sherehe, majirani wakialikwa. Ila ibada ije mwisho, iwe kama kutia muhuri barua iliyokwisha kuandikwa. Tukiianza nayo tutakuwa tumefunga bahasha tupu. Na msamaha usidaiwe. Sikuona mahali popote katika 2 Samweli 13 ambapo Tamari aliombwa radhi. Hasira ya Daudi nayo ilikuwa kubwa, Biblia yasema, lakini hakufanya neno lolote. Baada ya miaka miwili Amnoni aliuawa, na baadaye nusu ya ufalme ikawaka moto. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya kunyamaza.

Msikose kujua kwamba kikundi hakichukui mahali pa hospitali wala pa sheria. Aliyebakwa leo aende hospitali leo, kabla saa 72 hazijapita, kwa maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya hapo haifai. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ipo, nayo inampa mbakaji kifungo kisichopungua miaka 30. Kituo cha polisi kina dawati la jinsia na watoto. Kama ni mtoto, hakuna cha kikundi wala cha kusubiri Jumatano wala cha wazee kukaa chini ya mwembe na kutoza ng’ombe. Pigeni 116, simu hiyo haitozwi, au njooni kwangu usiku wowote. Taa yangu bado ninayo.

Tena wanaume. Wako waliotendewa wakiwa wavulana, nao wamenyamaza kuliko wanawake. Mzee mmoja, ambaye nimemwahidi sitamtaja, amekubali kukaa na kikundi chao wakipatikana hata watatu.

Viongozi wetu wawili wa Jumatano ni mama mmoja muuguzi mstaafu, na mwanamke mwingine ambaye amewahi kufanya kazi hii kambini na wakimbizi wa Kikongo. Mimi si kiongozi. Nitakuwa mtu wa chai, na wa kukaa nje kibarazani kuhakikisha hakuna anayepita karibu na dirisha.

Mama mmoja alinisimamisha baada ya ibada Jumapili iliyopita, akaniuliza kama mtu anaweza kuja akakaa tu asiseme kitu mpaka mwisho. Nilimjibu kwamba anaweza, na kwamba kiti cha karibu na mlango nimekiacha wazi. Akaniuliza kama anaweza kuja na ukili wake wa kusuka ili mikono iwe na kazi. Nikamwambia aje nao, na unaobaki aniletee, nami nataka mkeka.